Mvinyo mtamu wa ukungu: chupa za kununua Malindi na za kuacha rafuni

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili: ukungu unaotanda alfajiri na ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Mvinyo tunaoupima hapa unavihitaji vyote viwili. Ukungu wa hewani usipopanda kutoka mtoni, ule wa kuozesha hauoti kwenye zabibu, na usipoota hakuna mvinyo. Ukungu huo wa kuozesha Wafaransa huuita pourriture noble, Wajerumani Edelfäule, Waitaliano muffa nobile. Malindi ni mji ambao Kitaliano husikika kuanzia kwenye aiskrimu hadi kwa wauza vinyago wa ufukweni, kwa hiyo jina hilo la mwisho ndilo litakalokufikisha haraka kwenye chupa unayoitafuta.

Usitarajie rafu ndefu. Mara nyingi ni chupa chache zilizosimamishwa kando ya mvinyo mtamu wa kawaida, na kwa rangi zinafanana nao kiasi cha kumchanganya hata muuzaji. Hukumu yetu basi tuitoe mapema: usinunue kwa utamu, nunua kwa uchachu, yaani asidi ya zabibu. Na ukiwa Malindi, kabla hujasoma jina la shamba, kagua njia ambayo chupa imepita hadi kufika mkononi mwako.

Unacholipia ni nini

Ukungu wenyewe kitaalamu ni Botrytis cinerea. Hutoboa ganda la zabibu iliyoiva kwa vijitundu visivyoonekana kwa macho. Jua la mchana likipiga, maji hutoka kupitia vijitundu hivyo, zabibu inasinyaa, inageuka rangi kati ya zambarau na kahawia, kisha inavaa vumbi la kijivu kama la jivu la mkaa. Ndani yake sukari, asidi na gliserini zinabaki zimejikusanya, na ukungu unaongeza harufu ambazo zabibu nzima haina. Lakini ukungu huohuo, mvua ikishika siku kadhaa bila jua, huozesha kishada kizima hadi kinuke siki. Kinachoamua kama mkulima atapata mvinyo au hasara ni saa chache za jua la mchana.

Ndiyo maana mvinyo huu hautoki popote. Sauternes, kusini ya Bordeaux nchini Ufaransa, kuna kijito Ciron chenye maji baridi kinachoingia mto Garonne wenye maji ya vuguvugu. Asubuhi za vuli ukungu hupanda hapo, mchana jua huufukuza. Tokaj nchini Hungaria kazi hiyo hufanywa na mito Bodrog na Tisza. Upande wa Austria ni ziwa Neusiedl, pana na lenye kina kifupi mno, linaloivukiza hewa ya mashamba ya Rust na Illmitz.

Ukungu hauli shamba zima kwa siku moja. Wachumaji wa Sauternes huingia shambani mara nne, tano, hata zaidi, kila mara wakikata zile zabibu zilizosinyaa tu na kuziacha nyingine zisubiri. Sheria ya eneo hilo hairuhusu zaidi ya hektolita 25 (lita 2,500) kwa hekta, na mashamba makini huvuna chini ya hapo sana. Shamba la Château d'Yquem, lililowekwa peke yake daraja la juu kabisa katika mpangilio wa mvinyo wa Bordeaux wa mwaka 1855, husemwa kwamba kila mzabibu wake hutoa bilauri moja tu. Na mwaka 2012 hawakutoa mvinyo wao mtamu kabisa kwa sababu zabibu hazikufikia kiwango. Mtu anayeshangaa kwa nini nusu chupa inauzwa zaidi ya chupa nzima ya mvinyo mweupe wa kawaida, jibu lake ni hilo.

Hesabu ya utamu

Hamira hula karibu gramu 17 za sukari katika kila lita ili kutoa asilimia 1 ya kileo. Chukua juisi ya Sauternes iliyoingia pipani na gramu 340 za sukari kwa lita. Ingechachuka yote ingefika asilimia 20. Hamira huchoka ikifika karibu asilimia 14, kwa hiyo asilimia 6 hazikuchachuka. Zidisha 6 kwa 17 upate gramu 102. Huo ndio utamu unaobaki kwenye bilauri, na chupa nyingi nzuri huuzidi, zikafika gramu 120 hadi 150. Uchachukaji wenyewe huenda polepole, wiki kadhaa na wakati mwingine miezi, maana ukungu ulishakula nitrojeni na vitamini B1 ambazo hamira ilizitegemea.

Sasa linganisha na soda ya kola, yenye gramu kama 105 kwa lita. Kwa namba, Sauternes ya gramu 120 na kuendelea ni tamu kuliko soda. Mbona basi mdomoni haikinaishi? Jibu tunalo jikoni. Koroga sukari kwenye maji matupu, kisha koroga kiasi hichohicho kwenye maji ya ukwaju. La kwanza linakwama kooni, la pili unaomba uongezwe. Ukungu ukikausha zabibu hukusanya sukari pamoja na asidi, na asidi ndiyo inayoubeba utamu. Chupa ya aina hii ikikuacha na mdomo uliogandana, ujue asidi yake ni hafifu, hata lebo iwe na dhahabu kiasi gani.

Harufu ndiyo kipimo cha pili, na hapa mtu wa Pwani ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Weka kijiko kidogo cha uwatu kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, hadi punje zibadilike rangi kidogo na harufu ianze kupanda. Ile harufu nzito, kati ya asali iliyopata moto na bizari, inatokana na kitu kiitwacho sotoloni, na sotoloni hiyohiyo hupatikana kwenye mvinyo wa ukungu, hasa uliokaa chupani miaka kadhaa. Ukishainusa kikaangoni hutaisahau, na bilauri ikiwekwa mbele yako utaitambua chini ya harufu za jamu ya machungwa, aprikoti kavu, tangawizi na zafarani. Mvinyo mtamu wa kawaida hauna tabaka hilo. Unanukia zabibu, na pengine maua, basi.

Chupa kwa chupa

Sauternes na Barsac. Vijiji ni vitano: Sauternes, Barsac, Bommes, Fargues na Preignac, mvinyo wa Barsac unaweza kubeba jina lake au la Sauternes. Zabibu kuu ni Sémillon, ganda lake jembamba likipenywa na ukungu kirahisi, na Sauvignon Blanc huongezwa kwa ajili ya uchachu. Huu ni mvinyo mnene, kileo asilimia 13 hadi 14, umelala kwenye pipa la mwaloni. Barsac kwa kawaida ni mwepesi na mchangamfu zaidi, nasi kwa hali ya hewa ya hapa tunaupendelea. Miaka ya kutafuta kwenye lebo ni 2001, 2009, 2011 na 2015, lakini chupa ya 2001 iliyokaa dukani kwenye joto ni afadhali uipite ukachukue ya juzi iliyotunzwa. Mwenye bajeti ndogo atafute majirani: Loupiac, Cadillac, Sainte-Croix-du-Mont ng'ambo ya Garonne, au Monbazillac upande wa Dordogne. Hizi za majirani hutofautiana sana. Miaka mikavu zabibu zake huwa zimekauka tu bila kuota ukungu, na utapata utamu bila ile harufu ya uwatu.

Tokaji Aszú. Hapa utengenezaji ni tofauti, na ni vizuri kuujua kwa sababu ndio unaoeleza ladha. Zabibu zilizosinyaa, aszú, huchumwa moja moja kwa mkono. Haziwezi kukamuliwa kirahisi kwa kuwa ni kama zabibu kavu, kwa hiyo hulowekwa ndani ya juisi au mvinyo, kwa muda wa kati ya saa 12 na 60, kisha mchanganyiko unakamuliwa na kuchachuka tena. Zamani utamu ulihesabiwa kwa vikapu, puttony, kila kimoja karibu kilo 25, vilivyomiminwa kwenye pipa la lita 136. Leo namba ya puttonyos kwenye lebo hufuata gramu za sukari: tangu mwaka 2013 Aszú haipungui gramu 120 kwa lita, na ya puttonyos 6 haipungui 150. Zabibu yake kubwa, Furmint, ina uchachu mkali kama ndimu, na ndiyo sababu gramu 150 zinapita kooni bila kukwama. Kama duka lina Sauternes moja na Tokaji moja kwa bei iliyokaribiana, chukua Tokaji. Chupa yake ni ya mililita 500, uchachu wake unastahimili zaidi, na hata ikiwa wazi hukaa vizuri. Lebo yenye neno Szamorodni ni ya vishada vilivyokamuliwa vizima, vyenye ukungu na visivyo nao pamoja. Nayo inaweza kuwa tamu au kavu, kwa hiyo tafuta neno édes, ndilo la tamu. Kuna pia Eszencia, ile juisi inayojidondokea yenyewe kutoka kwenye lundo la zabibu kabla ya kukamua, sukari yake gramu 450 na zaidi, kileo asilimia chache tu, ya kunywewa kwa kijiko. Ukiikuta Malindi, mwulize muuzaji maswali mengi.

Ujerumani na Austria. Soma mkia wa jina: Beerenauslese ni punje zilizochaguliwa, Trockenbeerenauslese ni punje zilizochaguliwa zikiwa zimesinyaa hadi kukauka. Hiyo ya pili ndiyo ya ukungu kamili. Riesling (ni jina la zabibu) ya Kijerumani ya daraja hili mara nyingi ina kileo cha asilimia 6 hadi 8 tu, na jambo hili lina maana kubwa kwenye vyakula vyetu kama tutakavyoona. Eiswein usiichanganye nazo: hiyo ni zabibu iliyogandishwa na baridi mtini, ukungu haumo. Za Austria ni nzito zaidi, Illmitz na Rust ndiyo majina ya kutafuta. Mwaka 1985 baadhi ya watengenezaji wa Austria walikamatwa wakitia glikoli, kemikali ya viwandani, ili mvinyo mwembamba uonekane mnene na mtamu. Sheria zao zikakazwa baada ya hapo na leo ziko imara. Tunalitaja kwa sababu bado wapo wateja wanaoinamisha bilauri na kuhesabu machozi ya mvinyo yanayoteremka kwenye kioo chake kama ushahidi wa ubora. Unene peke yake hauthibitishi kitu.

Afrika Kusini. Maneno ya kutafuta ni Noble Late Harvest, yote matatu. Late Harvest bila Noble ni zabibu zilizochelewa kuvunwa, Special Late Harvest ni ngazi iliyo kati, na Natural Sweet haisemi lolote kuhusu ukungu. Nederburg walianza njia hii mwaka 1969, Günter Brözel alipotengeneza Edelkeur. Zabibu inayotumika sana ni Chenin Blanc, yenye uchachu wa kutosha. Kwa mnunuzi wa Malindi hili ndilo chaguo letu la kwanza la kila siku. Si kwa sababu lina kina kuliko Tokaji, halina, bali kwa kuwa chupa huwa changa, safari yake ni fupi, na bei inaruhusu kufungua bila kungoja harusi. Vin de Constance, tamu maarufu ya Klein Constantia, ni mvinyo mkubwa, lakini hutengenezwa kwa Muscat iliyokauka mtini bila kutegemea ukungu, kwa hiyo usiinunue ukitarajia harufu hiyo. Kutoka Australia iko Noble One ya De Bortoli, Sémillon iliyoanza mwaka 1982: nene, ya dhahabu, uchachu wa wastani. Nzuri kwa jibini, inachosha ikinywewa peke yake.

Italia. Hapa ndipo makosa ya Malindi yanapotokea zaidi, maana mvinyo mtamu wa Kiitaliano upo mwingi na karibu wote si wa ukungu. Passito na Vin Santo ni za zabibu zilizoanikwa. Passito di Pantelleria hutumia zabibu iitwayo Zibibbo, jina lililotoka Kiarabu palepale lilipotoka neno letu zabibu. Ni mvinyo mzuri wenye harufu ya zabibu kavu na tini, ila si huu. Wa ukungu hutoka hasa Orvieto, mkoa wa Umbria, na unaojulikana zaidi ni Muffato della Sala wa Castello della Sala, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, chupa ya mililita 500. Una uchachu wa Sauvignon Blanc na Grechetto, mwepesi kuliko Sauternes. Mkahawa ukikuandikia kwenye menyu "muffato" halafu mhudumu akaleta passito, irudishe kwa upole, nawe una haki.

Joto, na jinsi ya kuikagua chupa

Mvinyo huu ulitakiwa ulale kwenye nyuzi 12 hadi 14. Malindi wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana hupita nyuzi 30, na duka lisilo na kiyoyozi usiku halipoi vya kutosha. Kabla ya hapo chupa imekaa kwenye kontena bandarini Mombasa, kisha ikasafirishwa kilomita kama 120 kwa barabara, pengine saa za mchana. Watu husema sukari huhifadhi, na ni kweli kwamba mvinyo huu huvumilia kuliko mweupe mkavu. Kuvumilia ni kwa muda. Joto huufanya utanuke, ukisukuma kizibo nje. Usiku ukipoa unajivuta na kunyonya hewa. Baada ya miezi michache ya kusukumana hivyo, kilichokuwa aprikoti na zafarani kinakuwa sukari guru.

Anza ukaguzi na shingo ya chupa. Shika kapsuli, ile karatasi ya bati juu ya kizibo, uizungushe kwa kidole gumba. Ikizunguka, dalili njema. Ikiwa imegandia, inusishe pua na uiguse: kunata kama asali maana yake mvinyo umevuja. Sisimizi huijua chupa hiyo kabla ya mnunuzi, na msururu wao ukiuona kwenye rafu, fuata uone unaishia wapi. Kizibo kilichochomoza juu ya mdomo wa chupa ni joto hilohilo. Chumvi ya bahari hutoboa kapsuli za bati na kuzitia madoa. Doa peke yake halidhuru, doa lenye kunata linadhuru.

Kisha inua chupa kwenye mwanga. Mvinyo wa miaka mitatu hadi mitano uwe wa dhahabu inayong'aa. Kaharabu ni ya chupa ya miaka 15 na zaidi, na kwa Tokaji inaweza kuja mapema. Rangi ya chai ya rangi kwenye chupa changa ni joto au hewa. Tazama mvinyo umefika wapi: uwe shingoni, si begani. Vipande vinavyong'aa chini kama chumvi ya mawe ni fuwele za asidi ya zabibu zenyewe, havina madhara yoyote, na ni huzuni kuona chupa nzuri zikirudishwa kwa ajili yake. Stempu ya ushuru ya KRA iwepo. Ukaguzi wote huu ni wa macho, kidole na pua, kwa hiyo hata mhudumu asiyeonja kilevi, na mji huu unao wengi, anaweza kuufanya barabara kuliko mnywaji aliye na haraka.

Duka linalosimamisha chupa hizi dirishani lisikuuzie hata kwa nusu bei. Uliza kama wana katoni nyingine nyuma, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Nyumbani, kama huna friji ya mvinyo, droo ya mboga ya friji ya kawaida inafaa zaidi kuliko kabati lolote la Malindi: ni baridi kupita kiasi kidogo, lakini ina unyevu na giza. Laza chupa. Umeme ukikatika usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika ubaridi kama saa nne.

Kumimina

Nyuzi 8 hadi 10 kwa Riesling, 10 hadi 12 kwa Sauternes na Tokaji. Friji iko nyuzi 4 au 5, kwa hiyo toa chupa dakika 10 kabla, si zaidi, maana kwenye baraza ya Malindi mvinyo hupanda joto upesi sana. Kama haikuwa frijini, ndoo yenye maji na barafu nusu kwa nusu, dakika 20. Barafu tupu bila maji haishiki chupa na huchukua muda mrefu zaidi. Kutia barafu ndani ya bilauri ni kuharibu: utamu unabaki, uchachu na harufu vinazama.

Mimina mililita 50 tu kwa mtu. Nusu chupa ya mililita 375 inawatosha watu saba. Bilauri iwe ya mvinyo mweupe ya kawaida, yenye mdomo unaofunga kidogo. Vile vibilauri vya vidole vinavyopendwa mahotelini havina nafasi ya pua, na nusu ya fedha uliyolipa iko kwenye harufu. Kiasi hicho kimimine kwa mara mbili au tatu badala ya mara moja, ili chupa ibaki kwenye ndoo.

Ukinusa kiberiti kilichowashwa, usiogope. Mvinyo huu unahitaji salfa nyingi ili usichachuke tena chupani na usigeuke kahawia. Ulaya huruhusu hadi miligramu 400 kwa lita kwa aina hizi, mara mbili ya mweupe mkavu. Izungushe bilauri, iache dakika kumi, itapotea. Mwenye pumu inayoamshwa na salfa aambiwe kabla hajanywa. Harufu ya boksi lililolowa ni kizibo kibovu, rudisha. Ya rangi ya kucha kwa mbali hukubalika kwenye mvinyo huu, lakini ikitangulia mbele ya kila kitu, rudisha. Viputo vinavyochoma ulimi kwenye mvinyo usiotakiwa kuwa navyo vina maana hamira ilifufuka ndani, na kwenye joto letu hilo hutokea.

Mezani

Kosa linalorudiwa sana ni kuuleta pamoja na halwa. Inaonekana sawa, tamu kwa tamu, dhahabu kwa kaharabu. Kanuni haisamehi: chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka maji yenye ndimu. Halwa, kaimati na tende ziende na kahawa chungu, ndipo zilipozoea. Mkate wa kumimina unaweza kufaa, sukari ikipunguzwa na nazi na iliki zikiachwa zisikike.

Unapofaa kabisa ni kwenye chumvi na mafuta. Gorgonzola, jibini ambayo maduka ya Kiitaliano ya Malindi huuza, ndiyo mwenzake wa uhakika. Korosho zilizokaangwa zikatiwa chumvi, rahisi na bora. Maini ya kuku yaliyokaangwa na kitunguu hadi kitunguu kikawa kahawia, kando bilauri ya Sauternes: Bordeaux wao hula maini ya bata, na haya yetu hayako nyuma. Embe ngowe au boribo, zisiive kupita, zipigwe ndimu na chumvi kidogo.

Samaki wa kupaka anahitaji uangalifu. Nazi na uchachu wa rojo vinapatana na mvinyo huu vizuri mno, lakini pilipili na kileo cha asilimia 14 huwashiana moto mdomoni. Pilipili ikiwa nyingi, acha Sauternes, leta Beerenauslese ya asilimia 7 au 8, ikiwa baridi hasa. Ikiwa ya kuonja tu, Tokaji ndiyo ya kwanza. Kamba wa nazi hufuata kanuni hiyohiyo. Chokoleti haifai hata kidogo.

Kilichobaki rudishia kizibo, kiwe kilekile kwa upande uliokuwa ndani, chupa isimame frijini. Sauternes hukaa wiki mbili bila kupoteza kitu cha maana, Tokaji wiki tatu. Kapsuli na mdomo vifutwe kwa kitambaa chenye maji ya moto kabla ya kuirudisha, la sivyo asubuhi sisimizi watakuwa wamefika.